Mafuta ya Papa Kwenye Shaba

Harufu ya sifa, yale mafuta ya maini ya papa, haina adabu. Juzi jirani alipita na kopo lake mlangoni kwangu, nami mtu mzima mwenye wajukuu nikatapika. Wajukuu wakacheka. Wao sikuwaambia kitu, nawaambia nyinyi.

Enzi za Mwingereza tulikaa Kunduchi, baba yangu Mbwana na mdogo wake Shomari, ua mmoja. Baba mdogo alikuwa bingwa wa kupaka ngalawa sifa. Mbao alizopaka yeye hazikuoza upesi. Baba alikuwa amefanya kazi kwenye karakana ya vyuma Chang'ombe, akarudi na ujuzi wa chuma na roho ya kijicho. Nasema hivyo ingawa ni baba yangu.

Mzungu mmoja alikuwa na boti ya matanga pale pwani. Tanga lake la mbele lilikunjwa na kidude cha shaba, mfano wa bobini kubwa ya cherehani: ukivuta kamba kinazunguka, tanga linajiviringa lenyewe. Kidude kikawa kigumu, hata watu wawili wakivuta hakitikisiki. Mzungu akasema atakayekilainisha ndiye atakayeajiriwa kuitunza boti. Baba aliitaka kazi ile mno, lakini zamu ya kwanza akapewa Shomari, aliyezoeana na Mzungu.

Baba mdogo akakifungua, akakisugua kuondoa chumvi yote ya bahari mpaka kikang'aa. Kisha akaniagiza kopo la sifa.

Nilikuwa na miaka tisa, na nilijua. Nyuma kidogo niliipaka sifa kufuli ya baba ili nimfurahishe; baada ya siku chache za jua, ufunguo ukanasa kama ndege kwenye ulimbo. Baba alinichapa, na huku akichapa akanifundisha kwamba sifa ni ya mbao, kwenye chuma huganda. Basi nikamtazama baba. Alikuwa amekaa juu ya gogo, anatafuna tambuu.

“Kaka, nijaze?” baba mdogo akauliza.

“Jaza, mdogo wangu. Kwa sifa nani anakuweza wewe?”

Nikafungua mdomo. Baba akanikazia jicho, nikaufumba.

Siku ile kidude kilizunguka kama pia, na Mzungu akampa baba mdogo mkono mbele za watu. Boti ikakaa juani wiki nzima. Mzungu na baba mdogo walipotoka nayo, upepo ukachafuka na tanga likakataa kukunjwa. Kutoka ufukweni tulimwona baba mdogo akitambaa hadi mbele, akihangaika kukizungusha kwa mkono. Kikanasuka ghafla, kamba ikakaza, ikamkata vidole viwili.

Mzungu alimfukuza damu ikichuruzika bado. Kazi akapewa baba. Alikiosha kidude kwa mafuta ya taa, akatia matone ya mafuta mepesi ya cherehani, basi. Siku hiyo mama alipika pilau. Nilikula, tena nikaongeza.

Maisha yake yote baba mdogo alijilaumu. Wakimuuliza habari za mkono, alisema ni ujinga wake mwenyewe, majuto ni mjukuu. Baba akiwapo, alisikiliza na kuitikia.

Baba alipofariki, kabla jeneza halijatoka uani, baba mdogo ndiye aliyesimama kuwaomba watu wamsamehe marehemu kama aliwakosea. Akaanza yeye.

“Mie kaka yangu hajanikosea hata siku moja.”

Nilikuwa nyuma ya pazia pamoja na wanawake, na nilinyamaza. Miaka yote nilijipa moyo kwamba utotoni nilinyamaza kwa kumwogopa baba. Sasa alikuwa amevikwa sanda, hapakuwa na wa kumwogopa. Ndipo nilipoelewa kwamba hata nikiwa na miaka tisa haukuwa woga. Nilitaka baba yangu ndiye ashinde, na siku ile ya maziko nilikuwa bado nataka.