Daraja la Babu na Kemi

Mvua ikinyesha, chuma kikongwe hutoa harufu kama ladha ya damu ukijing'ata ulimi. Nikiinusa, hata dukani kwa muuza mabati, nalikumbuka lile daraja letu la Bukoba mjini, na wivu wangu wa zamani unarudi. Nawaambia nyinyi kwa kuandika kwa sababu kusema mbele ya watu siwezi.

Daraja lenyewe lilikuwa la jeshi. Wakati wa vita vya Kagera lilipitisha malori na askari. Vita vilipokwisha likafunguliwa vipande vipande, likaja kuunganishwa huku, likawa la waenda kwa miguu. Akina mama walipita na mikungu ya ndizi kichwani wakielekea sokoni, na mbao zilizolegea ziliwaitikia: ko, ko, ko. Babu yangu, tuliyeishi naye Buhembe, aliwahi kulivuka akiwa askari kijana.

Sasa sikieni kilichoniuma. Jumapili baada ya misa, mimi na Babu tulizunguka kwa njia ya magari, mbali, jua linatuchoma. Lakini likizo, akija binamu yangu Kemi kutoka Rubya, Babu alikaza kofia yake akasema leo tunapita darajani. Wao wawili mbele, mkono wa Babu begani kwa Kemi. Mimi nyuma, nimebeba viatu vya Kemi vilivyombana.

Kemi alikuwa redio. Alianza na mbuzi wa jirani, akaingia kwa padri aliyepiga chafya katikati ya mahubiri, akamalizia na senene, wale panzi wa kukaanga, aliowaunguza mwenyewe. Babu alicheka mpaka ng'ambo. Nyumbani nilimwuliza mama kama mtu anaweza kupendwa nusu. Mama akasema nina maswali mazito kwa mtoto asiyesema.

Kemi alipokwenda chuo, mimi nikiwa kidato cha pili, maji yalifunika njia ya magari. Ikabidi tupite darajani, mimi na Babu tu. Mkono niliousubiri miaka yote ukatua begani kwangu. Ulinikamata kama wa mtu anayeogopa kuanguka.

"Ongea, waitu," alisema, kwa Kihaya cha kubembeleza.

"Niongee nini, Babu?"

"Chochote. Wakati ule tuliamriwa tuvuke kimya. Nilisikia mbao tu, na miguu ya wenzangu. Wengi hawakurudi. Mpaka leo mbao hizi zikilia, nawasikia wao."

Ndipo nilipoelewa Kemi alikuwa na kazi gani pale. Hakupendwa kunizidi, alikuwa na kelele tu, kitu ambacho mimi sikuwa nacho. Hata hivyo wivu haukuniisha. Ulihama tu, ukawa wivu wa ule ulimi wake.

Nilichokuwa nacho kinywani kilikuwa kimoja, nikakitoa. Nilimwambia kwamba tangu darasa la tatu nilimchukia Kemi kila likizo.

Babu alinitazama. "Kumbe unayo maneno. Endelea."

Nikaendelea. Likizo zilikuwa nyingi, na daraja likaisha kabla ya malalamiko yangu.