Kona ya Mtaro wa Robi

Nyumba nyingi za mawe kwenye mteremko ulio juu ya soko la Migori zilijengwa na Bogonko. Alikuja kutoka Kisii akiwa kijana, akaukuta mlima una vichaka na mbuzi tu. Kufikia mwaka wa tisini na saba mabati yalikuwa yamefika kileleni, na kwa kuwa vichaka vilikwisha, kila mvua iliteremka kwa kishindo na kupitia majikoni mwa watu. Redio iliposema mvua ya El Nino inakuja, wakazi waliitana nje ya kanisa la Waadventista wapange la kufanya.

Bogonko alivaa koti siku hiyo. Hakuwa na shaka kazi ya kuyazuia maji atapewa yeye. Lakini mwenyekiti wa mkutano alimsimamisha Robi, mama wa Kikuria aliyeuza wimbi sokoni, mgeni ambaye hata miaka miwili hajamaliza pale.

"Huyu mama kwao wamechimba mitaro, maji ya mlima hayawasumbui," alisema. "Atuonyeshe."

Watu wakapiga makofi. Bogonko naye alipiga, mara mbili, kisha akatia mikono mifukoni.

Walichimba wiki tatu. Kila jioni Bogonko alipita hapo, eti anaenda dukani, akitafuta kasoro. Kilichomchoma zaidi ni watu kumwita Robi "injinia", jina ambalo yeye na mwiko wake wa uashi wa miaka kumi na minane hakuwahi kupewa. Hata mkewe, Nyanchoka, alipeleka uji kule.

"Sasa unampikia huyo?" Bogonko aliuliza.

"Napikia wanaochimba. Ungekuwa huko, baba, ungekunywa."

Jioni moja akaipata kasoro. Nyuma ya nyumba ya Orpah, mjane mshonaji, mtaro ulipinda ghafla. Maji yenye nguvu yangeruka ukingo hapo. Ukuta wa mawe wa hatua kumi ungetosha kuyazuia. Bogonko alisimama muda mrefu, moyo ukimwenda mbio kwa furaha ambayo yeye mwenyewe aliionea haya. Kisha akaondoka bila kumwambia mtu.

Mvua kubwa ilishuka siku moja ya Novemba, saa saba mchana. Mtaro uliyachukua maji vizuri, watu wakashangilia kutoka milangoni, na kila shangwe ilimkera Bogonko. Halafu akasikia Orpah anapiga mayowe. Maji yalikuwa yameruka kona na kuangusha ukuta wake wa udongo. Bogonko alikimbia, akamkuta mama huyo juu ya meza, cherehani imeshachukuliwa na maji. Akambeba mgongoni, tope likimfika kiunoni, mpaka kwa Nyanchoka.

Asubuhi alimkuta Robi peke yake pale konani, akikusanya mawe.

"Dada, hii kona niliiona mapema," alisema. "Nikanyamaza."

Robi hakuinua kichwa. "Nilikuona umesimama hapa. Nikasema, kama fundi ameangalia na hajasema kitu, basi iko sawa."

Angetukanwa ingekuwa nafuu. Bogonko alivua shati, akaanza kupanga mawe, kazi iliyomchukua siku nne.

Ukuta ulisimama. Mvua iliendelea hadi Januari na maji hayakuruka kona tena. Orpah hakungoja kuona. Alirudi kwao Sindo, na hakushona tena.

Baadaye ofisa mmoja wa serikali alikuja kutoka Homa Bay kuuangalia mtaro. Robi alimpeleka moja kwa moja konani. "Huu ukuta ni wa Fundi Bogonko," alisema. "Bila huu, kazi yangu ingekuwa bure."

Ofisa akamshika Bogonko mkono, na fundi akafurahi kweli. Lakini usiku huo Nyanchoka alimsikia akinung'unika kitandani: yeye alishikwa mkono mara moja, Robi mara mbili.