Mikorosho ya mjomba iliwekwa rehani ili nisome: nilivyoikomboa

Wakuu, habari za humu. Walio wadogo zangu, shikamoo zenu nimeshazipokea, msijisumbue kuandika.

Haya yamenipata mimi mwenyewe. Nikiongeza chumvi, kijijini kwetu Mpapura bado kuna watu hai wa kunisuta.

Nimesoma uzi wa vijana wanaolia makato ya mkopo wa chuo. Poleni. Lakini nyie mnadaiwa na ofisi. Deni langu mimi lilikuwa linaishi nyumba moja na mama yangu.

Enzi hizo za ujamaa shule za serikali zilikuwa bure, ila nafasi zilikuwa chache. Sikuchaguliwa. Ikapatikana shule ya binafsi, mkoa wa mbali, na ada juu.

Kwetu mtoto ni wa wajomba. Mjomba wangu Hamisi, kaka yake mama tuliyeishi naye, hakuwa na mali zaidi ya mikorosho thelathini na sita aliyoipanda kwa mkono wake. Akaiweka rehani kwa mzee mmoja, nimwite Likwena.

Kwa wasiojua: anayekupa pesa anaokota korosho za miti yako kila msimu, na hizo hazipunguzi deni hata senti. Mpaka siku utakayorudisha pesa yote kwa mkupuo.

Watu walimcheka. Miti yote hiyo kwa ajili ya mtoto wa kike! Kuna msimu mjomba alikwenda kuokota korosho kama kibarua ndani ya shamba lake mwenyewe. Naandika hapa na bado inaniuma.

Nikamaliza form four, nikaingia chuo cha uuguzi, na huko serikali ilinilipia. Nikapangiwa zahanati ya Mahurunga, kule karibu na Mto Ruvuma.

Plan yangu ilikuwa fupi: nusu ya mshahara posta, nusu tumboni. Wenzangu walinunua redio, mimi nikanunua muhogo. Viatu vya kazini nilivivaa mpaka harusini. Mwaka wa pili ulipoisha, pesa ilikuwa imetimia.

Nikaomba likizo, nikapita posta ya Chikongola kuitoa, nikaifunga kwenye pindo la kanga. Huyo, Mpapura.

Hapo ndipo msomi nilipoumbuka.

Ilikuwa Agosti. Mzee Likwena aliiona pesa, hata hakuigusa. "Ntoto wa shule wewe, umesahau kwenu? Nkorosho ukishatoa uwa, nsimu ni wangu. Rudi nwakani."

Kweli ndiyo desturi yetu. Rehani hukombolewa kabla maua hayajatoka. Mimi, niliyezaliwa chini ya mkorosho, nimesahau mwezi wa maua! Nililia njia nzima, kwa hasira tu.

Na sikuwa na uhakika na huo mwakani. Mjomba kifua kilikuwa kimeshamshika. Nilitaka aokote korosho zake angali hai, basi.

Kesho yake tukaenda wote wawili kuiona miti. Wakati huo watu tulishahamishiwa kijiji kipya, mashamba yakabaki huko kwenye mahame, mwendo wa saa mbili kwa mguu. Wanawe Likwena walikuwa wamekimbilia bandarini, na yeye magoti hayamruhusu. Chini ya miti pori lilinifika kiunoni.

Na korosho inaokotwa chini, jamani! Ikidondokea porini ni ya panya.

Nikarudi kwake, safari hii na balozi wa nyumba kumi. Nikamuuliza mbele ya watu, "Babu, nani atakupalilia?"

Akaangua kicheko. "Kwani utapalilia wewe? Nesi atashika jembe na mikono hiyo?"

Waliokuwepo wakacheka, na mzee akanogewa. "Haya, palilia yote thelathini na sita kabla bibo la kwanza halijadondoka. Ukiweza, nipe pesa yangu, chukua miti na korosho zake."

Balozi akasema, "Nyote mmesikia."

Wakuu, nililima! Siku ya tatu malengelenge yakapasuka, nikajifunga bandeji mwenyewe nikaendelea. Mama akaja. Kisha wakaja wale wale waliomcheka mjomba, na majembe yao, bila kuitwa. Mjomba alikaa kwenye kisiki, kazi yake kunionyesha magugu niliyoyaruka.

Mti wa mwisho niliumaliza siku tatu kabla ya likizo kuisha. Mabibo yalikuwa bado mabichi.

Likwena aliletwa kwa baiskeli kukagua. Akazunguka mti mmoja mmoja akitafuta kasoro, asiione. Akapokea pesa mbele ya balozi, akanipa mkono. Nimpe haki yake: alisimama kwenye neno lake.

Oktoba niliomba ruhusa ya siku mbili nikamwone mjomba akiokota. Gunia la kwanza alilikalia, hataki mtu alisogeze. Nikapiga vigelegele peke yangu huko mahameni, na sijuti.

Misimu miwili baadaye mdogo wangu wa kike naye hakuchaguliwa. Mjomba akanifuata Mahurunga na kikohozi chake, akaniambia anataka kwenda tena kwa Likwena.

Nikamwambia, "Mjomba, mikorosho iache ipumzike. Safari hii weka rehani mshahara wangu."

Akasema, "Haya, mama." Tangu nizaliwe hakuwahi kuniita hivyo.

Nilichojifunza: kuwa na plan ya kulipa ni vizuri, ila ijue na kalenda ya anayekudai. Na aliyekusomesha mlipe angali na nguvu za kufurahi.

Wanaotaka kusema chai, kwamba nimeitunga, wakapalilie kwanza mkorosho mmoja ndipo waje. Wengine niambieni: ada yenu ilitoka kwa nani, na mmemrudishia nini?