Mikia ya Paka wa Soko la Bariadi

Paka wadogo wa soko la Bariadi wanazaliwa na vigutu vya mikia. Si wote, ila kila uzao naona wanazidi. Paka wazee wa soko hilohilo wana mikia mirefu iliyonyooka.

Nilianza kuwatazama kwa sababu ya jirani yangu, muuza mchele na dagaa. Tangu nifiwe na mume wangu, yeye ndiye aliyekuwa mtu wangu wa kuongea naye. Jioni akifunga duka alinigongea ukuta, nami nikabeba kiti hadi kibarazani kwake. Safari moja alikwenda Lamadi kufuata dagaa, akaniachia ufunguo wa stoo ili nimlishe paka wake mwenye mimba. Paka akazaa yeye akiwa hukohuko. Watoto watatu, wawili mikia yao mifupi kama kidole gumba.

Aliporudi aliwageuzageuza kiganjani.

"Mayu," akaniita kwa Kisukuma, kama mama wa heshima, "umewakata."

Nilicheka, nikidhani anatania. "Wamezaliwa hivyo, dada."

"Paka gani huzaliwa hivyo? Mikia umeifukia mlangoni kwako. Si ungeniomba tu mmoja? Ningekunyima?"

Huku wapo wanaoamini kwamba ukikata mkia wa paka ukaufukia mlangoni, hatahama nyumba hiyo. Angeniita mwizi ningejitetea. Lakini alinionea huruma, kama mjane aliyekosa hata paka wa kukaa naye.

Nikaenda sokoni. Kwenye meza za dagaa nilimkuta paka dume wa rangi ya chungwa, kigutu. Wauzaji wakasema alishuka na magunia ya Lamadi. Wadogo wengi waliozunguka meza zile walikuwa na mikia mifupi, mingine imepinda kama ndoana. Upande wa nafaka, mbali na harufu ya samaki, mikia ilikuwa bado mirefu. Bwana mifugo nilipomuuliza alisema ni mambo ya damu, kama ng'ombe asiye na pembe anavyozaa ndama wasio na pembe. Nikampelekea jirani maneno hayo.

"Na huyo bwana mifugo umemfundisha wewe?" akasema. "Haya, chimba."

Nikachimba mlangoni kwangu mchana kweupe, wateja wake wakitazama. Udongo mtupu.

"Umehamisha," akasema, akarudi kupima mchele.

Siku hizi ananisalimia kama anavyosalimia wapita njia: mwangaluka, basi. Jioni nasikia akivuta komeo, halafu redio yake. Kiti changu nakikalia ndani.

Sasa paka wake ana mimba tena, na ufunguo wa stoo ameufunga kwenye pindo la kanga. Wakizaliwa vigutu bila mkono wangu kuwafikia, atajua sikuwakata wale wa kwanza. Wakizaliwa na mikia mirefu, atasema ni kwa kuwa safari hii sikuwafikia. Lakini kabla hajamfungia paka wake stoo, niliona madume wawili wakimfuata juu ya ukuta wa uani. Mmoja ni yule wa rangi ya chungwa. Mwingine ni wa kijivu, na mkia wake ulining'inia hadi katikati ya ukuta.