Kimo cha Jiko

Pale mjini Baraka, kando ya ziwa, ukimtafuta Haruna mwashi, uliza tu yule anayepima mara tatu. Majirani walimcheka, naye hakuwajali. Tangu siku alipokata miti ya paa la nyumba yake mwenyewe ikapungua kwa kiganja kimoja, hakugusa tena msumeno wala tofali kabla hajapima, akapima tena, na tena.

Mwaka huo mgongo wa mama yake, Saumu, ukaanza kumsumbua. Alipikia mafiga ya chini, na kila alipoinuka alishika kiuno na kuguna. Haruna akaamua kumjengea jiko la matofali, la kupikia wima. Lakini jiko kama hilo lina masharti yake: likizidi kimo, mabega yanachoka, likipungua, mgongo unarudi kuinama. Akaja na meta yake ampime mama kutoka kiwiko hadi chini.

Saumu akarudi nyuma hatua mbili.

"Miye niko mufu?" akauliza. "Baba yako balimupima na kamba, siku ile ile bakaenda kumuchimbia kaburi. Miye usinipime!"

Haruna akairudisha meta mfukoni. Kumbishia mama hakuweza. Kujenga kwa kukisia pia hakuweza.

Kesho yake akapanga matofali makavu, bila udongo, akaweka ubao juu.

"Mama, tengenezea samaki hapa. Kule chini iko mavumbi."

Saumu akapasua samaki wawili, mikeke ya ziwani. "Hapa iko juu, mukono inachoka."

Haruna akatoa safu moja. "Na sasa?"

"Sasa iko muzuri."

Alikuwa ameshaanza kukanda udongo alipokumbuka sufuria. Nayo ina kimo chake. Tena bugali hausongwi kama samaki anavyopasuliwa. Unausonga kwa kukandamiza kutoka juu. Akaacha udongo, akaweka sufuria tupu juu ya ubao, akampa mama mwiko.

"Songa, mama."

"Nisonge nini? Upepo?"

"Songa tu."

Nadia, mke wa Haruna, akaziba mdomo asicheke. Saumu akasonga, akazungusha, akakandamiza. Mara mwiko ukasimama.

"We Haruna! Kumbe uko unanipima!"

"Sikupimi weye, mama. Napima jiko."

Saumu akamkazia macho, mwana akainamisha kichwa. Kisha mama akacheka mpaka akaegemea ubao.

"Basi toa safu ingine. Mabega yangu inapanda."

Jiko lilikauka siku nne. Siku ya tano, Ijumaa, Saumu aliwasha moto, akasonga bugali akiwa wima, kichwa juu, huku akimfokea Nadia juu ya chumvi ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, kama enzi zile alipokuwa na nguvu zake zote. Haruna alimwangalia kidogo, akatoka nje kunawa mikono ambayo haikuwa na uchafu wowote, na akakawia kurudi.