Mkaa wa Mibuni ya Baba

Nachoma nyama mjini Moshi, na mkaa nauchagua mwenyewe. Simtumi mtu. Nachukua vipande viwili navigonganisha. Vikilia kama vigae, najua mti ulikuwa mgumu na umeiva vizuri kwenye tanuri. Vikitoa sauti butu, naviacha. Kisha nazamisha mkono mpaka katikati ya gunia, maana wauzaji hupanga mapande makubwa juu na chenga chini. Kipande kimoja kibichi kinatosha kutia mbavu za mbuzi uchungu wa moshi. Kwa kawaida nachukua mkaa wa mgunga unaotoka upande wa Kahe.

Wiki moja kabla ya Krismasi, mama anayeniuzia mkaa aliniita kabla sijafika kwenye magunia yake.

"Leo nina mwingine, kaka. Umetoka mlimani. Hebu ujaribu."

Nilichukua vipande viwili nikavigonganisha. Vililia vizuri sana. Vilikuwa vipande vyembamba, vizito kuliko vinavyoonekana, na kimoja kilikuwa bado na kovu pale tawi lilipopogolewa. Nimepogoa miti ya namna hiyo tangu nikiwa mdogo.

"Huu ni mbuni," nikasema.

"Ndiyo. Wanang'oa kahawa huko Kibosho. Huu kauleta kijana wa nyumba ile iliyo chini ya parokia, ambaye baba yake amepooza."

Nyumba hiyo ni ya kwetu. Kijana huyo ni mdogo wangu.

Nilipanda mlima siku hiyohiyo. Migomba ilikuwa imesimama kama kawaida, lakini chini yake, mahali palipokuwa na kahawa aliyoipanda babu na kuitunza baba, palikuwa na visiki na udongo mweusi wa tanuri. Mdogo wangu alikuwa anatayarisha matuta ya nyanya. Alinisalimia bila kuinua macho.

"Umemwambia baba?"

"Nimwambie nini, kaka? Miti ilishakufa. Buni zilikuwa zinaoza zikiwa changa. Wewe ulikuja lini mara ya mwisho kupiga dawa?"

Sikuweza kumkasirikia ipasavyo. Yeye ndiye aliyebaki kwenye kihamba, shamba letu la ukoo, yeye ndiye anayemgeuza baba kitandani na kumwosha. Mama alitoka jikoni akanishika mkono.

"Muacheni mzee ale sikukuu kwanza," alisema. "Dirisha lake linatazama barabarani. Haoni."

Siku ya Krismasi ukoo mzima ulikuja. Nilikuwa nimepandisha gunia la mgunga kutoka mjini, sikutaka ule mwingine uguse nyama ya nyumbani. Nilichoma polepole, makaa yakiwa yameshavaa majivu meupe, na kipande laini cha ini nikampelekea baba.

"Shikamoo baba. Nimekuletea ini."

"Marahaba. Mmeshamaliza kuchuma?" aliuliza. Tangu apate kiharusi, maneno yalimtoka kwa shida.

"Kula kwanza, baba."

"Nitoe nje nikaione kahawa yangu."

Nilimwambia jua ni kali. Nilimwambia kuna matope. Wajomba waliokuwa mlangoni walisikia, na wao hawakujua lolote; walimbeba na kiti chake wakicheka, wakapita naye nyuma ya nyumba. Niliwafuata nikiwa nimeshika sahani.

Baba alitazama. Mkono wake usiopooza ulipanda kidogo kutoka kwenye paja, ukarudi. Wajomba wakaacha kucheka. Mdogo wangu alikuja mbio akapiga magoti kwenye udongo. "Nisamehe, baba. Ilikuwa imekufa." Baba hakumtazama. Alisema, "Nirudisheni ndani," na hakusema tena neno siku ile.

Ini lilipoa kwenye sahani. Kesho yake alikataa uji, keshokutwa yake akakubali vijiko viwili kwa ajili ya mama tu. Daktari alisema kiharusi kimerudi. Labda ni kweli. Alifariki kabla ya mvua za masika.

Tulimzika kihambani kama walivyozikwa wazee wake. Wachimbaji walikwama mapema: mizizi ya mibuni ilikuwa bado imejaa ardhini, migumu, na ikabidi waitwe watu wenye mashoka. Waombolezaji walisimama wakisikiliza yale mashoka. Mdogo wangu alikuwa amekaa peke yake kando ya ukuta wa nyumba, na hakuna aliyemsogelea, hata mimi.

Nyanya ziliungua kwa ukungu. Mdogo wangu akaenda Dar es Salaam. Nikimpigia simu hapokei. Mama amebaki peke yake kwenye nyumba ile. Jumapili iliyopita nilipomwomba ahamie kwangu mjini, alinijibu bila hasira.

"Na huyu aliyelala hapa nje, nimuachie nani?"

Niliteremka mlima peke yangu.