Shuka Juu ya Sola

Pale zahanati, alipokuwa mtunza stoo na mfuaji, kila mtu alimwita Mama Funguo, maana hapakuwa na kabati, stoo wala lango ambalo ufunguo wake haukuning'inia kiunoni mwake. Vikombe vizuri alivifungia. Mapazia mapya yalilala sandukuni yakingoja wageni, na wageni wakiondoka yalirudi huko huko. Nyumbani kwake mambo yalikuwa yale yale. Kochi alilonunua marehemu mumewe lilikuwa bado na nailoni ya dukani. Mwanamume yule alilikalia miaka yote likimlilia chini kama karatasi ya pipi, akafa bila kujua kama kitambaa chake kilikuwa laini au kilikwaruza.

Basi ukaja mradi. Nchi kadhaa zilikuwa zimeshikana mikono na serikali kuleta umeme wa jua juu ya paa na friji la chanjo chini yake. Ndani ya friji mlikuwa na kidude kilichopeleka habari za ubaridi wake na nguvu za betri kwa mtandao hadi ofisi za ng'ambo. Kabla ya hapo kina mama walibeba watoto hadi hospitali ya mbali, na wengine walikata tamaa wakabaki nyumbani. Binti yake Mama Funguo alikuwa amejifungua karibuni. Mjukuu naye angechanjwa hapo hapo, hatua chache kutoka kwao.

Wafadhili waliposema wanakuja kuona kazi yao, Mama Funguo alitazama vumbi la barabarani likitua juu ya vile vioo vyeusi vya sola, roho ikamuuma. Siku ya ugeni aliegemeza ngazi upande wa nyuma, kwenye kamba zake za kuanikia, akavifunika kwa shuka safi za wodini na kuzibana kwa vibanio vya nguo. Alipanga kuzivua gari likisikika langoni, ili wageni wavikute vinametameta. Lakini wageni hawakutokea. Walituma ujumbe kwamba wamekwama, watafika kesho. Naye akaona hakuna haja ya kuzivua na kuzirudisha. Akaziacha.

Kesho yake friji lilianza kulia.

"Fundi, hili dude lako linalilia nini?" muuguzi mkuu aliuliza, huku akihamishia chanjo kwenye kasha la barafu.

"Betri zimeisha, Sista."

"Zimeishaje na jua hili la kuchemsha ubongo?"

"Hilo ndilo linalonitoa jasho." Fundi wa sola alikuwa amepiga magoti kwenye nyaya tangu alipoitwa. "Huku chini kila kitu kizima."

"Barafu yangu haina uhai mrefu, nakwambia."

Gari likasimama nje. Afisa wa mradi aliingia simu mkononi, nyuma yake mgeni mmoja mwanamke, mwenye mvi na viatu vya kutembelea mbali. Mama Funguo alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai kwenye vile vikombe vizuri.

"Jamani, mnatuvua nguo," afisa alisema. "Ng'ambo wanaona tangu jana betri zinashuka. Hatuwezi kuacha chanjo za watoto kwenye mtambo mbovu. Friji linang'olewa leo, linakwenda zahanati nyingine."

"Bosi, ngoja kwanza nipande juu," fundi alisihi. "Ni kama usiku umeingia huko kwenye paa."

Vikombe vikagongana kwenye sinia. Mama Funguo aliliweka sinia chini. Usiku kwenye paa. Usiku ule aliuleta yeye, akaubana kwa vibanio.

Angeweza kuchomoka kimya kimya, azivue, arudi na uso mkavu. Lakini dereva alikuwa tayari ameitwa kusaidia kubeba, na mkono wake ulikuwa kwenye plagi.

"Usichomoe, baba." Mama Funguo alimshika dereva mkono. "Jua lipo. Mimi ndiye nimelifunika."

"Umefunika nini, mama?" afisa aliuliza.

"Sola. Kwa shuka."

"Shuka? Kwa nini?"

"Kwa ajili yenu. Zisije zikawa chafu kabla hamjaziona."

Muuguzi mkuu alijiziba mdomo. Fundi yeye alishindwa, akacheka mpaka akakaa sakafuni. "Mama Funguo! Umezitandikia zilale, nazo zikalala kweli!"

Afisa hakucheka. Alimnong'oneza mgeni, na mgeni akaelekeza mkono mlangoni: twende.

Mama Funguo alikataa kusaidiwa. Alipanda ngazi mwenyewe mbele ya macho yao wote, gauni amelikunja kwa mkono mmoja, akang'oa vibanio vikawa vinadondoka mchangani. Shuka ya mwisho iliposhuka, wakarudi ndani kusubiri. Friji liliendelea kulia. Muuguzi alipapasa barafu yake, akatikisa kichwa. Afisa hakuondoa macho kwenye simu. Hakuna aliyegusa chai.

Kisha mlio ukakatika.

"Betri zinapanda," afisa alisema, kwa sauti ya mtu aliyetua mzigo. "Haya, linabaki. Ufunguo wa stoo ya ngazi anao nani?"

"Mimi."

"Mpe fundi."

Mama Funguo alihangaika na pete ya kiunoni mpaka ufunguo ukatoka. Hakuna aliyewahi kumnyang'anya ufunguo.

Wiki haikuisha mjukuu akachanjwa, akalia kwa nguvu zake zote, na binti akampitisha nyumbani kwa bibi yake ampoze. Mama Funguo alikuwa ameshika mkasi. Alichana nailoni ya kochi toka pembeni, akaivuta. Ilikuwa imegandamana na kitambaa kwa joto la miaka. Ilitoka na maua ya kitambaa, ikaacha mabaka meupe.

"Mama, umeliharibu!" binti alisema.

"Lilikuwa limeshaharibika," alijibu. "Lete mtoto."

Akakaa. Kitambaa kilikuwa kinakwaruza.